Haki ya Kaa Aliyefungwa

Katika fuo zetu, kama kule Mida, wapo kaa wa nchi kavu wajisitirio ndani ya makombe ya konokono waliokufa. Watoto huwaokota, nasi wazazi huwapa mkebe na chembe za wali, tukadhani tumetenda wema. Je, kulisha peke yake kwatosha?

Twaona hakutoshi. Kaa huyu hupumua kwa matamvua kama samaki, na hewa ikikauka hufa polepole kwa kukosa pumzi. Ataka chombo chenye kifuniko, maji matamu na maji ya bahari, makombe makubwa zaidi ya kuhamia, na mchanga mnyevu wenye kina; kwani hujifukia humo majuma kadha akibadili gamba, na amfukuaye wakati huo aweza kumwua. Wala si mchezo wa siku mbili: akitunzwa aweza kuishi zaidi ya miaka 30.

Habari ya mwanamke aliyemfunga paka sote twaijua. Kosa lake halikuwa kufuga, bali kumzuilia riziki. Nasi tukishafunga kifuniko, kila alichokipata pwani kwa miguu yake kimekuwa deni juu yetu. Asiyeliweza na amrudishe jioni hii pale alipomwokota, jua likiisha kupoa.