Je, Mtu Mzima Anayo Haki ya Kurudi Chuoni?

Methali yetu yasema: Samaki mkunje angali mbichi. Ni methali ya kweli, nayo imewahimiza wazazi wengi kuwapeleka watoto wao shuleni mapema. Lakini kila methali ina mahali pake, na hii siku hizi hutumiwa mahali pasipo pake. Mwuguzi mwenye miaka arobaini akitaka kusomea shahada, jirani humwambia kwamba samaki amekwisha kukauka. Karani akinunua vitabu baada ya kupokea mshahara, jamaa zake hunong'ona kwamba amesahau ada za watoto. Fundi wa magari akiuliza njia ya kuingia chuoni, hujibiwa kwamba chuo ni cha vijana, na ya kuwa yeye tayari anayo kazi yake. Kwa upande wa pili wako wasemao kinyume: kila mfanyakazi na asome bila kukoma, maana nchi yahitaji mafundi, wauguzi, wahasibu na walimu wenye ujuzi mpya.

Wasomaji wetu, tukiyapima maneno ya pande hizi mbili, tutaona kwamba zafanana kuliko zinavyodhani. Upande wa kwanza wasema kwamba mtu huyu akisoma haleti tena faida. Upande wa pili wasema kwamba ataleta faida. Pande zote mbili zampima mtu kwa faida yake. Swali letu la leo ni jingine. Je, mtu mzima afanyaye kazi anayo haki ya kuitafuta elimu ya juu, au elimu hiyo ni hisani tu, apewayo pale anapohitajika? Na kama ni haki, ni nani apaswaye kuuchukua mzigo wake?

Kwanza tuondoe shaka juu ya uwezo, kwani hakuna awezaye kudai haki ya jambo lisilowezekana. Historia ya nchi yetu yatosha kujibu. Mwaka 1960, huko Nyegezi karibu na Mwanza, Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kilipanda na kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mwaka wa Uhuru, 1961, Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa Dar es Salaam kwa kufuata mfano wa Chuo cha Ruskin, kilichoanzishwa Oxford, Uingereza, mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi. Kivukoni kiliwapokea watu wazima, hata wale ambao hawakupata kukaa katika darasa la sekondari. Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere, alipoueleza Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alisisitiza kwamba yatupasa kuanza na watu wazima, kwa sababu matunda ya elimu ya watoto huchukua miaka mingi kuiva.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa shule wapate nafasi darasani ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakutosha hata kidogo. Basi wakachaguliwa vijana waliomaliza darasa la saba, nao wakafundisha huku wakisoma, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa msaada wa wakufunzi waliowafuata huko huko walikokuwa. Zaidi ya 35,000 wakahitimu ualimu kwa njia hiyo. Watu wameilaumu elimu yao, na baadhi ya lawama hizo ni za kweli. Lakini bila wao madarasa mengi yangalikuwa na watoto pasipo mwalimu. Leo hii Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, chawafundisha watu wasiotoka makwao wala kuacha kazi zao. Kwa hiyo neno la kwamba mfanyakazi hawezi kusoma limekwisha kujibiwa kwa vitendo.

Sasa tuyatazame mahitaji ya kazi. Hatuyadharau. Hospitali ikiletewa mashine ambayo hakuna awezaye kuisoma, anayeumia ni mgonjwa. Kampuni ambayo mhasibu wake hazijui taratibu mpya itawapunja watu, hata kama yeye mwenyewe ni mtu mwema. Kwa sababu hiyo nchi yafanya vema kuuliza ina wahandisi wangapi na imepungukiwa na wauguzi wangapi. Kosa huanza pale ambapo swali hilo lafanywa kuwa swali la pekee.

Azimio lile lile la Musoma latupa fundisho hapa. Liliagiza kwamba vijana waliomaliza kidato cha sita wasiende moja kwa moja chuo kikuu. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa wafanye kwanza kazi kwa muda wa miaka miwili hivi, ndipo waombe nafasi wakiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Ndani ya agizo hilo mlikuwa na ukweli mkubwa. Kazi yenyewe ni shule, na mtu aliyekesha wodini husoma kitabu cha uuguzi kwa macho mengine kabisa. Lakini ndani yake mlikuwa na hatari pia, maana ufunguo wa mlango wa chuo uliwekwa mkononi mwa mkubwa wa kazi. Isitoshe, idadi ya wanawake chuoni ilishuka, kwa kuwa msichana aliyeanza kazi, akaolewa na kupata watoto, hakuiona tena njia ya kurudi darasani. Haikupita miaka mingi kabla ya wanawake kusamehewa sharti hilo. Nia ilikuwa njema, tena ilikuwa ya kuiheshimu kazi. Hata hivyo waliofungiwa mlango walikuwa wale wale ambao kazi na malezi yalikuwa yamewalemea zaidi.

Tunajifunza nini? Kwamba kazi ni mwalimu mwema, lakini mwajiri si bwana wa akili ya mtu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hayupo kwa ajili ya kazi. Jembe hunolewa kwa ajili ya shamba, na likiisha makali hutupwa. Mtu si jembe. Yeye huelimishwa kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya wenzake, nalo shamba hufaidika.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni maneno ya vitabuni, yasiyobadili kitu. Hasha! Mfikirie askari alindaye lango la kiwanda, ambaye usiku husoma sheria. Kiwanda hakihitaji mwanasheria langoni. Tukifuata mahitaji peke yake, hatuna sababu ya kumpa hata saa moja ya ruhusa wakati wa mtihani. Lakini kama yeye ni mtu mwenye akili aliyopewa aitumie, basi kumzuia bila sababu ya haki ni kumdhulumu, hata kama lango linalindwa vizuri.

Iko dhuluma nyingine, nayo hutoka kwa wanafunzi wenyewe: kuitaka karatasi badala ya elimu. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 ilitangazwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Idadi hiyo yatisha, maana nyuma ya kila cheti cha uongo yuko mtu aliyehudumiwa na asiyejua kazi, na yuko mwingine mwenye cheti cha kweli aliyekosa nafasi. Tena si wa kughushi peke yao walio na kosa. Yule amlipaye mwenzake amwandikie utafiti wake, ili apandishwe cheo, naye anaghushi, ingawa mhuri wa cheti chake ni halisi.

Walakini haki hukata pande mbili. Katika uhakiki wa miaka hiyo waliondolewa kazini pia watumishi walioishia darasa la saba, wasio na cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2018 Serikali iliagiza warudishwe wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, tarehe ambayo sharti la kidato cha nne lilianza kutumika. Agizo hilo lilikuwa la haki. Cheti ni shahidi wa ujuzi, wala si ujuzi wenyewe. Na kama vile ilivyo vibaya kumleta shahidi wa uongo, ndivyo ilivyo vibaya kumkataa mtu mkweli kwa kuwa hana shahidi. Ndiyo maana yafaa kuisifu kazi ya VETA ya kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuurasimisha ujuzi wao. Anayestahili kulaumiwa ni mtu aliyeketi ofisini, akamtumia fundi huyo miaka ishirini, kisha akamwambia kwamba hajui kitu.

Na tuingie sasa nyumbani, maana huko ndiko swali hili huuma zaidi. Fedha ni chache, na mwaka wa masomo huwaanza baba na mtoto pamoja. Je, nani atangulie? Twajibu bila kusitasita: chakula, matibabu na ada ya shule ya watoto hutangulia shahada ya mzazi. Baba aongezaye vyeo juu ya jina lake huku mtoto wake akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, hajengi nyumba, anaibomoa. Lakini si kila matumizi ya nyumbani ni ya lazima. Familia iwezayo kuchangia sherehe tatu kwa mwaka, na kuweka kiti kipya sebuleni, haiwezi kusema kwamba masomo ya mama ndiyo yatakayoifilisi.

Tumemtaja mama kwa makusudi. Wako waume ambao huupokea mshahara wa mke kwa mikono miwili, lakini akitamka neno chuo, hukunja uso. Huhofia kwamba atawapita. Mume wa namna hiyo ajiulize kama alimwoa mwenzi au alijipatia mtumishi. Na mke naye, mume wake anapokesha juu ya vitabu, asimhesabie kila saa kama saa iliyoibwa. Mtoto amwonaye mzazi akisoma chini ya taa, akikosea, akifuta na kuanza tena, hupata somo ambalo hakuna ada iwezayo kulinunua: kwamba kujua si aibu ya mtu yeyote, wala kutojua si kifungo cha maisha.

Basi, mzigo huu na ugawanywe kwa haki. Mwajiri asimpe mfanyakazi ruhusa ya kusoma kana kwamba ni zawadi ya mwisho wa mwaka. Atakapoyavuna matunda ya elimu hiyo, ataona kwamba alikuwa akilipa deni. Mfanyakazi naye, akisomeshwa kwa fedha za wengine, asikimbie kabla ya kuutimiza muda aliouahidi, na asiwadharau wenzake aliowaacha mezani.

Serikali nayo ina sehemu yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewafungulia njia vijana wengi wa watu maskini, na twaishukuru. Lakini miongozo yake ya miaka ya karibuni imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa mwombaji. Twaelewa sababu: mkopo lazima urudishwe. Hata hivyo tufanye hesabu. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mwuguzi wa miaka 36 akisoma miaka minne, atakuwa amebakiwa na miaka ishirini ya kuwatibu watu na kulipa deni lake. Tena yeye anao mshahara tayari, jambo ambalo kijana wa miaka ishirini hana. Kama fedha hazitoshi kwa wote, na watangulizwe vijana; lakini kutangulizwa si sawa na kufungiana mlango. Twaomba wahusika walifikirie jambo hili.

Wahenga walisema pia kwamba ng'ombe hazeeki maini. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini hakukauka, amekomaa. Anayo maswali ambayo kijana hajapata kuyauliza, na anastahili mahali pa kuyauliza. Akija mlangoni pa chuo na kitabu chake mkononi, tusimwulize kwanza atatufaa nini. Tumpishe aingie.