Je, Damu Ina Hatia?

Kuna desturi ya zamani katika koo zetu nyingi: kabla posa haijapokewa, wazee hutuma mtu kuuliza kwa siri kama nyumba ile ina ugonjwa wa kurithi. Hatuilaumu desturi hiyo, kwani busara imo ndani yake. Lakini siku hizi elimu ya urithi imewapa waulizaji kisu kikali zaidi, na yafaa tujue kinakata wapi.

Tutwae mfano wa ugonjwa wa Crohn, uvimbishao matumbo na kuyatia vidonda miaka nenda miaka rudi. Madaktari watatu wa New York, Crohn, Ginzburg na Oppenheimer, waliueleza mwaka 1932. Ilionekana kwamba huandama jamaa fulani kuliko nyingine, na mwaka 2001 ikavumbuliwa jeni ya kwanza ihusikayo nao, iitwayo NOD2, isaidiayo mwili kutambua vijidudu. Tangu hapo zimejulikana sehemu zaidi ya 200 za urithi zihusianazo na ugonjwa huo, au na ndugu yake wa vidonda vya utumbo mpana.

Basi, atasema mtu, shauri limekwisha: ukoo ule uepukwe. La, hasha! Watazameni mapacha wa yai moja, wenye urithi ule ule. Mmoja akiugua Crohn, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Wengi wenye NOD2 iliyo na kasoro huzeeka bila kuugua. Na huko Japani, ambako kasoro zile mashuhuri za Ulaya hazikuonekana kwa wagonjwa, ugonjwa umeongezeka hata hivyo.

Kwa hiyo mama asingiziwaye na wakwe kwamba "ameleta ugonjwa nyumbani" anaonewa mara mbili. Mtoto hupokea urithi kwa baba na kwa mama pia. Tena hatia haipo pasipo kujua na kutaka. Nani aliyepata kumchagulia mwanawe jeni? Sigara, ambayo huuzidisha ugonjwa wa Crohn, mtu huichagua mwenyewe, lakini sijasikia mjumbe wa posa akiuliza habari za sigara.

Ajuaye kwamba ugonjwa huu umo katika ukoo wake na amwambie mchumba wake kwa kinywa chake mwenyewe, kabla mjumbe hajafika. Kisha wakate shauri wao wawili, wakijua kwamba hata mzazi mmoja akiugua, walio wengi wa watoto hawaugui.