Mwili wa Mwenzako si Gumzo la Marafiki



Wengi hudhani kuchekana kwa sababu ya umbo ni mambo ya watoto wa shule. Sivyo. Mama akienda kwenye chama huambiwa, "Umenenepa, mzee atakukimbia." Baba akikaa na wenzake husikia mmoja akijisifu kwamba mke wake ni mweupe na bado ana umbo la msichana. Wote hucheka, lakini neno hilo halibaki pale. Huja nyumbani.

Bwana, ukimrudia mkeo mzaha wa wenzako, kwake si mzaha tena. Ni hukumu ya mtu aliyemwahidi mapendo mbele ya altare. Pengine hatakujibu. Ataacha kula jioni, au atanunua krimu ya kujichubua aliyosifiwa na rafiki. Fahamuni kwamba baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo na yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliazimia ziondolewe sokoni.

Nawe mama, usimlinganishe mumeo na waume wa rafiki zako. Wanaume pia huumia, ingawa hunyamaza. Wengine husifiwa kitambi kuwa ni dalili ya mali, huku shinikizo la damu likipanda.

Mtume Paulo anatufundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19), na kwamba mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe (Waefeso 5:28). Tumbo lililolegea ndilo lililowabeba watoto wenu. Je, tutaliacha lipimwe na watu wa barazani?

Basi shikeni haya. Msiuzungumze mwili wa mwenzenu mbele ya marafiki. Akitaniwa mbele yako, usicheke, mtetee. Ikiwa unene au wembamba wake unakutia hofu ya afya, mwambie faraghani, kisha mwende zahanati pamoja.

Na leo usiku, watoto wakishalala, mwulize mwenzako: "Ni neno gani lililosemwa juu ya mwili wako ambalo bado linakuuma?" Msikilize bila kujitetea, hata kama neno hilo lilitoka kinywani mwako. Kisha omba msamaha, na msali pamoja.

Mungu azibariki nyumba zenu.