Kuzaliwa Bila Baba Si Uungu

Mvuvi wa Lumemo arudiye na perege kutoka Mto Kilombero anajua kwamba katika samaki hao wamo madume na majike. Lakini si samaki wote walio hivyo. Katika mito ya Meksiko na kusini mwa Marekani yuko samaki, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1932, ambaye ni jike mtupu. Hukutana na dume wa aina nyingine. Mbegu yake huliamsha yai tu, na kwa kawaida haimrithishi mtoto chochote. Watoto wote huwa majike, mfano wa mama yao.

Wako wasemao: Yesu hakuwa na baba, basi ni Mungu. Tuipime hoja hiyo kwa uadilifu. Samaki huyu si ushahidi wa uzazi wa Bibi Mariamu, aliyezaa mwana wa kiume bila kuguswa na mwanamume. Anatufundisha hili tu: desturi tuliyoizoea si mpaka wa uwezo wa Muumba. Kukosa baba hueleza njia aliyojia mtoto, hakubadili dhati yake. Nabii Adamu hakuwa na baba wala mama, na hatumwiti Mungu. Aliyezaliwa ana mwanzo. Mwenyezi Mungu hana mwanzo. Basi tumheshimu Nabii Isa a.s., na tumwabudu Aliyemwumba.