Vazi la Mtu na Farasi Wake

Mtu atakaye kupigwa picha pamoja na farasi wake huanza kwa swali dogo: avae nini? Swali hili huonekana kuwa la sanduku la nguo tu, lakini ndani yake mna swali la maadili. Nguo ya kila siku huvaliwa ikavuliwa. Nguo ya picha haivuliwi tena. Mvaaji atazeeka, farasi atakufa, na nguo itabaki ikimshuhudia mtu mbele ya wasiomjua. Kwa hiyo, kuchagua vazi la picha ni kuchagua shahidi.

Wako wasemao kuwa kila pambo ni uongo. Hukumu hii imepita kiasi. Aogaye na kuvaa vizuri hamdanganyi mtu, humheshimu atakayemtazama. Farasi naye hupigwa brashi na singa zake zikachanwa, wala hapana asemaye kuwa farasi ameghushiwa. Kupamba ni kuonyesha kilichopo katika hali yake njema; kughushi ni kuonyesha kisichopo.

Lakini je, yatosha nguo iwe ya kweli? Mwezi wa Mei 1800, Napoleon Bonaparte alivuka milima ya Alps kwenda Italia, amepanda baghala aliyeongozwa na mwenyeji wa milima. Mwaka 1801 Jacques-Louis David alimchora katika safari hiyo juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, joho likipepea. Napoleon alikataa kuketi mbele ya mchoraji. Mtoto wa mchoraji alipanda ngazi badala yake. Alichotoa ni sare aliyoivaa katika vita vya Marengo, Juni 1800. Sare ilikuwa ya kweli, na picha haikuwa ya kweli. Vazi halali lilisimamishwa kutoa ushahidi wa uongo, na baghala aliyefanya kazi alinyimwa hata kivuli chake. Karibu miaka 50 baadaye, Paul Delaroche alimchora mtu huyo huyo juu ya baghala, amejikunyata ndani ya koti la kijivu. Hakupungukiwa na heshima. Ushupavu wake waonekana zaidi penye baridi na uchovu.

Mfano wa pili ni wa kamera. Mwaka 1863, huko Balmoral, George Washington Wilson alimpiga picha Malkia Victoria wa Uingereza juu ya farasi wake Fyvie, na mtumishi John Brown ameshika hatamu. Malkia alikuwa na taji, lakini hakulivaa. Alivaa nguo nyeusi za kumlilia mumewe, Albert, aliyefariki Desemba 1861. Vazi lile lilisema hali yake kama ilivyokuwa, na farasi aliyetulia hakulazimishwa kusema zaidi.

Mwenye farasi leo hana dola wala vita, lakini mizani yake ni ile ile. Na atazame kwanza rangi ya mwenzake, maana nguo nyeusi hupotea ubavuni mwa farasi mweusi. Kisha na atazame jambo kubwa zaidi. Farasi hana sanduku la nguo. Huja na vumbi lake, mate yake na jasho lake. Mtu aliyevaa nguo ya kuogopea vitu hivyo husimama mbali kidogo, mkono wake ukasita shingoni, na picha huandika kusita kule. Waliotakiwa kuonekana marafiki wataonekana wageni.

Nguo ya kuazima haisitiri. Vazi lifaalo ni lile safi ambalo mtu aweza kumkumbatia farasi wake bila ya hofu, na ambalo, akiulizwa habari zake baadaye, hatahitaji kutunga kisa. Likiwa la thamani, na livaliwe. Likiwa la kazi, lisionewe haya.