Deni la Mwenye Shahada

Wanafunzi wanaotamani udaktari wa ikolojia, elimu ya viumbe na makao yao, huuliza: nchi gani ni bora kwenda kusoma? Swali hili ni la haki, maana nchi hazifanani. Lakini nyuma yake liko swali zito zaidi, nalo haliulizwi sana: mwanafunzi ana deni gani kwa nchi ambayo viumbe wake wamempa shahada?

Tutazame kwanza tofauti. Uingereza humwingiza mwanafunzi katika utafiti mapema. Baada ya miaka mitatu au minne huitetea tasnifu yake mbele ya watahini wachache, faraghani. Marekani humrudisha darasani kwanza, humpima kwa mtihani mzito, ndipo humwachia utafiti wake. Miaka mitano hupita, pengine zaidi. Uholanzi mwanafunzi aghalabu ni mwajiriwa mwenye mshahara, na hujitetea hadharani mpaka mshika fimbo wa chuo aingie na kutangaza kwa Kilatini kuwa saa imetimia. Uswidi ina desturi ya kuipigilia tasnifu msumari ukutani kabla ya siku ya utetezi, ili umma upate kuisoma. Huku pana wepesi, kule upana. Huku riziki, kule uwazi. Hapana nchi iliyokusanya sifa zote.

Lakini nchi zote hizo hupima elimu kwa kalenda ya chuo, na maumbile hayaijui kalenda hiyo. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kiasi cha 250,000 mwaka 1961. Mwaka 1977 walipita 1,300,000. Sababu kubwa ilikuwa kutoweka kwa sotoka baada ya ng'ombe wa wafugaji kuchanjwa. Nani angaliujua ukweli huo kwa miaka mitatu ya shahada? Anthony Sinclair alipata udaktari wake Oxford kwa kuchunguza nyati wa Serengeti, lakini hakuishia hapo. Aliendelea kuichunguza nyika ile kwa miongo mingi. Anayehesabu leo husimama juu ya hesabu ya jana.

Yamkini mtu atasema kuwa mwanafunzi ni maskini wa fedha na wakati, na kumdai umri wake wote ni dhuluma. Kweli, deni hili halidaiwi kwa umri. Hulipwa kwa mambo matatu: kuacha hesabu zake zimepangwa vema mahali ambapo wenyeji wanaweza kuzipata, kumtaja kwa jina yule aliyemwonyesha nyayo na majina ya miti, na kueleza alichokigundua kwa lugha ya watu wa pale. Mimi ni mwalimu wa lugha, na jambo la mwisho hunichoma zaidi. Mfugaji ambaye ng'ombe wake walichanjwa ana haki ya kujua kwamba chanjo ile iliwaponya na nyumbu. Habari hiyo ikikaa katika tasnifu ya Kiingereza peke yake, amenyimwa sehemu ya historia yake mwenyewe.

Basi mwanafunzi na achague nchi kwa hekima: atazame msimamizi, riziki na muda. Lakini kabla ya kufunga safari ajiulize atarudisha nini. Chuo humpa mtu cheo mara moja. Nyika iliyomfundisha haina cheo cha kutoa, wala haina kinywa cha kudai. Deni lisilodaiwa ndilo lipimalo uungwana wa mdaiwa.