SIKU YA SHAKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila mwaka ufikapo mwezi 29 Shaabani, watu wa Temeke na Kinondoni husimama baada ya magharibi wakitazama upande wa machweo, na wengine hutazama simu zao. Hawa wangoja tangazo la Mufti, wale wangoja habari ya mwezi ulioonekana Makka au nchi nyingine. Kuna miaka ambayo kukicha jirani mmoja amefunga na wa pili anakunywa chai, na jana yake walisali safu moja. Kuhitilafiana si ajabu. Msiba ni yale yasemwayo barazani baadaye, ya kuwa fulani hana imani, na saumu ya fulani ni bure. Na kijana aketiye kando huuliza moyoni: ikiwa masheikh hawajui Ramadhani imeingia lini, katika mengine wajua nini?

Swali hilo lataka jawabu, wala halitaki fimbo.

Jua, ewe ndugu, ya kuwa wanazuoni wamezipanga hali za mwenye kujua daraja mbalimbali. Yakini ni kukata bila ya kusita. Dhana ni upande wenye nguvu, na mkabala wake ni wahamu, upande ulio dhaifu. Shaka ni pande mbili zilizolingana, kama mizani isiyoelemea popote. Basi kuwa saumu ya Ramadhani ni fardhi, hiyo ni yakini, na imani yasimama hapo. Ama kuwa mwezi umeandama usiku huu au usiku ujao, hilo mara nyingi ni dhana tu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa shahidi mmoja mwadilifu yatosha kuthibitisha mwandamo wa Ramadhani. Na mtu mmoja, ajapokuwa mkweli, jicho lake laweza kumdanganya. Sharia yalijua hilo, na juu yake ikajenga ibada ya mwezi mzima. Kijana aliyefundishwa kuwa yote aliyoyasoma chuoni ni ya daraja moja, siku aonapo moja limetikisika hudhani yote yametikisika. Kosa hapo si lake.

Na hitilafu hii haikuzaliwa na simu. Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kuwa Kuraibu alitumwa Shamu kwa Muawiya, na huko mwezi ukaonekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina, Ibn Abbas akamwambia kuwa wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka watimize 30 au wauone. Hakutosheka na kuona kwa Muawiya, wala hakumtoa Muawiya katika dini. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, akaitia nguvu kauli ya kuwa kila matlai ina mwandamo wake. Na wengi katika madhehebu nyingine wamesema kuonekana mahali pamoja kwawalazimu wote. Hata katika hesabu za nyota wamehitilafiana Mashafii wenyewe: Taqiyuddin Subki, aliyefariki mwaka 756, alisema hesabu ya kukata ikionyesha kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyedai kuuona hurudishwa; na wengi hawakumfuata. Yamkini aliyeisoma masiala hii kwa urefu wake hatapiga kelele barazani.

Wako wasemao: basi na tufunge siku ile ya 30 Shaabani kwa tahadhari. Hilo lakatazwa. Siku ambayo watu wanena kuwa mwezi umeonekana, na hapana shahidi wa kukubaliwa, ndiyo siku ya shaka, na kuifunga ni haramu, ila kwa mwenye kadhaa, au nadhiri, au desturi yake ya kufunga imeangukia siku hiyo. Shaka haizai ibada. Wala haivunji: mwenye shaka kama alfajiri imetoka, aweza kula, kwani asili ni usiku kubaki, na mwenye shaka kama jua limekuchwa, hali, kwani asili ni mchana kubaki. Shaka ni moja, hukumu ni mbili, na kila moja yashikamana na lile lililokuwa yakini kabla yake.

Ama shaka iingiayo katika itikadi yenyewe, masahaba walimshitakia Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kuwa wapata nyoyoni mwao mambo ambayo kuyatamka ni mazito kwao. Hakuwakemea. Kule kuyachukia kwao alikuita imani iliyo wazi. Mwalimu amfukuzaye mwanafunzi kwa swali la namna hiyo amfuate nani?

Imebaki masiala ya aliyeuona mwezi peke yake na ushahidi wake ukarudishwa. Mwezi wa Ramadhani ukiwa ndio aliouona, imemlazimu kufunga, ijapokuwa mji mzima wala, kwani yakini yake yamfunga yeye. Na ukiwa ni wa Shawali, huacha kufunga kwa siri, nyumbani mwake, mlango umefungwa, asije akatuhumiwa na watu ambao bado wamo katika saumu yao sahihi. Wallahu aalam.